Viza ya Bibi na Hina ya Bi Tatu

Siku ya arobaini ya Bibi, Salma aliingia uani kwetu Kisarawe na begi moja mgongoni, mkononi ameshika kitu bapa alichokifunga kwa mtandio. Alikuwa ametua juzi yake akitokea Kanada. Ni mtoto wa Shangazi Mwajabu, aliondoka nchini akiwa mdogo wa kubebwa, na Kiswahili chake sasa kina adabu nyingi na makosa machache. Aliwaamkia wanawake wote mmoja mmoja, akakaa kwenye mkeka, akafungua mtandio. Ndani mlikuwa na fremu, na ndani ya fremu picha ya mikono miwili ya mtu mzima, viganja juu, vidole vimekolea hina mpaka kwenye pingili ya kwanza. "Hii ni mikono ya Bibi," alisema. "Mama aliiweka ukutani hospitali. Alikuwa anaiangalia kila siku, mpaka mwisho." Wanawake wakapigana vikumbo kuitazama, wengine wakaanza kulia upya. Bi Tatu, jirani na shoga yake Bibi tangu ujana wao, alikuwa kwenye kigoda akimenya vitunguu saumu. Aliitazama picha mara moja, akaweka kisu chini, akainuka kwa shida na kuingia ndani. Mimi nilikuwa kwenye sufuria la pilau. Nilijua kwa nini ameondoka, na nilijua pia kwamba hakuwa na sababu ya kuondoka. Niliendelea kugeuza wali ambao haukuhitaji kugeuzwa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Kibaha. Nilikuwa nafanya kazi kwenye stationari ya Mama Neema pale mtaa wa Picha ya Ndege, chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye kompyuta mbili, mashine ya photokopi iliyokuwa ikipata moto hadi tunaifungulia mlango wake ipumue, na kitambaa cha buluu ukutani cha kupigia picha za pasipoti. Mama Neema alikuwa karani mstaafu na mzee wa kanisa aliyehamia na mume wake kutoka Upareni, mwanamke asiyeweza kuona karatasi imebanwa upande asiitengeneze. Alikuwa na rula ya mbao. Kila karatasi iliyoingia dukani, iwe barua ya kuomba kazi au fomu ya kiwanja, aliiwekea rula chini ya mstari wa kwanza, akasoma, akaishusha rula, akasoma, mpaka kwenye sahihi. Mteja anasubiri, foleni inafika nje, yeye na rula yake. "Karatasi inasomwa mpaka chini, Zuhura," aliniambia kila siku ya Mungu. Nami nilikuwa nasubiri atoke kwenda kunywa chai ili nimwigize mbele ya wateja, nikishusha rula na kukunja midomo kama yeye. Watu walicheka sana. Nilikuwa na kipaji hicho.

Shangazi Mwajabu alipiga simu kutoka Kanada mchana mmoja, Mama Neema akiwa ametoka kwenda kula. Nakumbuka nilikuwa na vitumbua viwili kwenye sahani ya plastiki, na sikuvila. Aliniuliza kwanza kama niko peke yangu. Nikasema ndiyo.

"Zuhura, mimi naumwa. Saratani. Madaktari wanasema huenda nisimalize mwaka."

Nilisema kitu, sijui nini. Akaninyamazisha.

"Sikiliza. Nataka mama yangu aje akae na mimi. Kuna viza huku ya wazazi na mabibi wa watu waliohamia. Siyo ile ya kutembea na kurudi, hii mtu anakaa hata miaka. Wewe ndiye mwenye kompyuta, wewe ndiye uliyesoma. Nishughulikie."

"Nitashughulikia, Shangazi."

"Na usimwambie. Unamjua Mama na presha yake. Ukimwambia hatafika huku. Mwambie anakuja kunisaidia na Salma, basi. Niapie."

Niliapa, nimesimama katikati ya karatasi za watu. Kuanzia saa ile nilibeba jambo lililonizidi, na nilijivunia kulibeba, Mungu anisamehe.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya karatasi. Bibi hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala mtu hai aliyekumbuka siku aliyozaliwa, kwa hiyo tulianza na kiapo cha mahakamani, kutoka hapo cheti, kutoka hapo pasipoti, na kila dirisha lilitaka kilichotoka dirisha la kabla yake. Ukaja uchunguzi wa daktari, ikaja bima ya matibabu ya mwaka mzima ambayo Shangazi aliinunua huko huko. Kwa upande wake walitaka uthibitisho kwamba ana kazi na kipato cha kumtunza mgeni wake. Hilo ndilo lililokuwa likiniumiza nikilala. Shangazi alikuwa anakwenda kazini anatapika, anajifuta, anavaa sare, anaendelea kuhudumia wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, kwa sababu akiacha kazi anapoteza haki ya kumwalika mama yake. Alinitumia hati za mshahara moja baada ya nyingine, nami nilizichapa na kuzipanga kwenye faili la kijani. Kila hati niliyoichapa nilijua imetoka wapi.

Mwisho wa wiki nilikwenda Kisarawe, na ukitoka Kibaha ni sharti ushuke mpaka Dar kwanza, ubadilishe gari, upande tena vilima. Bibi alikuwa ananisubiri na mhogo wa nazi, na kama ni msimu, fenesi zima limepasuliwa juu ya majani ya mgomba na mafuta ya taa ya kupaka mikono utomvu usigande. "Karibu, mke mwenzangu," alikuwa akinitania, kwa sababu marehemu babu yangu alizoea kusema mimi ndiye mke wake mdogo. "Leta habari za Wazungu. Wamekubali mzee kama mimi nikawachafulie barafu yao?" Tulikula, nikamweleza faili limefika wapi. Alikuwa anataka kujua vitu ambavyo hakuna fomu iliyoviuliza. Huko kuna mawese? Mtu akitaka kutawadha maji hayagandi? Mwajabu anakula vizuri, mbona kwenye picha uso umechongoka? Hilo la mwisho aliliuliza huku anaokota kokwa za fenesi, bila kunitazama. Nikasema kazi nyingi, Bibi. Akasema, "Nikifika nitamlisha." Kukaa pale na kumdanganya mwanamke aliyenilisha kulikuwa adhabu, na bado nilikwenda kila wiki.

Barua ya vidole ilifika kwenye kompyuta ya dukani siku ambayo foleni ilikuwa ndefu na mashine ya photokopi imekwama. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Niliichapa, nikasoma mistari ya juu: jina la Bibi, kwamba anatakiwa kufika kwenye kituo cha viza cha Dar kuchukuliwa alama za vidole na picha, kwamba ana siku thelathini. Nikapiga kelele za furaha. Mama Neema akaja na rula yake. "Lete tuisome," alisema. Nikamwambia nimeshaisoma, Mama, ni vidole tu. Akanyoosha mkono. Nami, mbele ya wateja, nikaikunja barua nikaitia mfukoni huku nacheka, nikasema hii siyo fomu ya kiwanja. Watu wakacheka. Yeye akarudi kwenye kiti chake. Ningeweza kuuza kila nilichonacho leo kuirudisha dakika ile.

Kisarawe habari ilipokelewa kwa vigelegele. Bi Tatu alikuja mbio na kanga ya nyumbani. "Mwanaidi unasafiri kweli!" Alimwita Bibi kwa jina lake, akamshika mikono, akaigeuzageuza. Mikono ya Bibi ilikuwa ya mkulima wa mihogo, imepauka, ina mipasuko. "Hii ndiyo unakwenda kuwapelekea? Wanataka vidole, nawe unawapelekea vijiti vya kuni?" Kwetu Pwani mwanamke haendi kwenye jambo la heri mikono mitupu. Harusi, Idi, kumpokea aliyetoka Hija, mikono inapambwa kwanza. Na hili lilikuwa jambo la heri, kwa jinsi wao walivyolijua. Mtu anayekwenda kwa mgonjwa hapaki hina; ningewaambia ukweli, Bi Tatu asingegusa hata jani. Lakini niliapa. Basi nilikaa pale kwenye mkeka nikawatazama wanawake wawili wazee wakitwanga majani, wakikamulia limau na chai ya rangi iliyochacha, wakicheka mambo ya harusi zao. Bi Tatu alimpaka viganja, halafu akamchovya ncha za vidole vyote kumi, akavifunga kwa vipande vya kanga kuukuu na mifuko ya nailoni. Mimi ndiye niliyemlisha Bibi chakula cha jioni, tonge kwa tonge, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa.

Asubuhi mikono ilipooshwa, ilikuwa imekolea vizuri ajabu, wekundu unaokaribia weusi. Bibi aliiweka juani, viganja juu. "Nipige, umtumie Mwajabu. Aone mama yake anakuja." Nikapiga picha kwa simu yangu ya kwanza ya kioo, nikaituma. Shangazi alijibu kwa ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mama yangu," alisema, "umependeza mama yangu. Njoo na mikono hiyo hiyo." Bibi aliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu aliacha kutabasamu, akanirudishia simu.

Kwenye kituo, Dar, kulikuwa na baridi ya mashine na viti vya chuma. Binti aliyevaa koti la kazi alimwita Bibi, akamwambia aweke vidole vinne juu ya kioo. Kioo kikawaka kijani, kikazima. Akamwambia abonyeze zaidi. Kikawaka, kikazima. Akamshika mkono akaugeuza, na hapo ndipo alipoona.

"Mama, hii hina ni ya lini?"

"Juzi, mwanangu," Bibi alisema kwa fahari. "Imekolea, eh?"

Yule binti hakuwa mbaya, alikuwa amechoka tu. Akanigeukia mimi. "Dada, hatupokei vidole vyenye hina wala rangi, mashine haisomi mistari. Mrudi ikishatoka yote. Hamkusoma barua? Imeandikwa."

Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu. Bibi alikuwa ananitazama, na kwenye macho yake hakukuwa na shaka hata chembe.

"Barua haikusema," nilisema.

"Imesema, dada."

"Mjukuu wangu amesoma huyu," Bibi akaingilia, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. "Ingekuwa imeandikwa angeiona. Usimsingizie mtoto wa watu." Binti akainua mabega, akaita jina lingine. Nilimshika Bibi mkono tukatoka. Nje, kwenye kibaraza cha choo cha jengo lile, niliifungua barua peke yangu, nikashuka mstari kwa mstari kwa ukucha badala ya rula. Ilikuwa chini ya ukurasa wa kwanza. Vidole viwe safi, visiwe na jeraha, hina wala rangi yoyote. Niliikunja tena. Nilijiambia nitamwambia tukifika nyumbani.

Sikumwambia. Nilipofika wiki iliyofuata nilimkuta Bibi kwenye ngazi ya nyuma, miguu kaitandaza, kati ya mapaja bakuli la mchanga na maji ya limau. Alikuwa anasugua. Alitumia jivu, alitumia sabuni ya unga, alitumia kile kijiwe cheusi cha kusugulia visigino. Bi Tatu alikuwa pembeni amejikunyata, analia bila sauti. "Ni mimi, Zuhura," aliniambia. "Mimi ndiye niliyemharibia." Bibi akamwambia anyamaze, mikono ni yake mwenyewe, aliyeitoa ni yeye. Walikuwa wanagombania kosa langu, na mimi nimesimama hapo na mfuko wa mikate. Mdomo wangu ulifunguka. Nikawaambia msisugue sana, itatoka yenyewe. Hayo tu ndiyo niliyoweza.

Hina ilitoka, na ngozi ikatoka nayo. Tulipokwenda mara ya pili vidole vilikuwa vimechubuka, ncha zimekuwa laini na nyekundu, na kioo kikawaka kijani kikazima tena. Waliandika kwenye faili kwamba imeshindikana, wakatutaka tuombe siku nyingine, ngozi ikishapona. Siku thelathini zilikuwa zinaishia. Niliandika kuomba kuongezewa muda, na safari hii nilimpa Mama Neema barua aipitie. Aliiwekea rula bila kunisimanga hata kwa jicho, na heshima ile iliniuma kuliko tusi. Muda tuliongezewa. Shangazi sasa hakuwa anapiga simu, aliandika tu, maneno mafupi. *Vidole vimepona?* Kesho yake: *Vipi vidole?* Alikuwa ameacha kazi, mwili umekataa, na mimi nilikuwa naogopa wasije wakauliza tena juu ya mshahara. Bibi alikuwa amekatazwa kushika jembe, kushika moto, kushika maji ya moto. Alikaa uani na mikono imepakwa mafuta ya nazi, ameiweka juu ya kanga, akiingoja. Siku moja aliniambia, "Mke mwenzangu, mwanangu anaumwa." Hakuniuliza. Nikalia, na kulia kwangu kukawa ndiyo jibu. Hakulia yeye. Alisema, "Basi wasingenipaka hina," akaigeuza mikono yake juu ya kanga.

Mara ya tatu kioo kikakubali. Vidole vyote kumi. Bibi akamshukuru yule binti akamwombea mume mwema. Pasipoti ilirudi baada ya wiki kadhaa ikiwa na viza ndani, nzuri, inang'aa ukiigeuza kwenye mwanga, ya kukaa miaka. Nilikwenda kuichukua mwenyewe, nikaibeba kifuani mpaka Kisarawe. Nilipokunja kona ya nyumba niliona watu wamekaa chini ya turubai, wanaume upande wao, na nikasikia sauti ya Bi Tatu kutoka ndani. Shangazi alikuwa amefariki alfajiri ile. Alizikwa huko huko, na sisi tukasoma hitima bila kaburi. Bibi aliniomba nimwonyeshe viza. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu yake. "Kumbe ni nzuri hivi," alisema. Akaniambia niiweke.

Tangu siku ile Bibi hakupaka hina tena. Siku ya harusi yangu wanawake wote walipambwa, yeye akakaa na mikono mitupu, akasema yake ina bahati mbaya, isije ikanigusa. Watoto wangu watatu walipozaliwa aliwabeba kwa kanga katikati, asiwaguse kwa viganja mpaka siku ya saba. Bi Tatu naye aliung'oa mhina uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Nami nilikuwa na barua. Nimehama nayo nyumba nne. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasema, na kila mwaka nikimwona Bibi anaanza kutabasamu tena naona siyo wakati wa kumrudisha kule. Huo nao ulikuwa uongo. Niliogopa tu anitazame kwa macho mengine.

Ndiyo maana siku ya arobaini nilimwachia mtu mwiko nikaingia ndani. Bi Tatu alikuwa chumbani kwa Bibi, amekaa ukingoni mwa kitanda kilichoondolewa godoro. Nikakaa chini miguuni pake. Alidhani nimekuja kumpoza, akaushika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi na ulinuka vitunguu saumu.

"Yule mtoto hana kosa," alisema. "Ameleta kumbukumbu ya mama yake. Ni mimi tu, mjukuu wangu, siwezi kuiona ile hina. Ingekuwa si mimi, Mwanaidi angemwona mwanawe."

Nikamwambia. Nilisema haraka, bila kupamba. Kwamba barua ilikataza hina, kwamba nilisoma mistari ya juu nikaitia mfukoni, kwamba pale kituoni nilidanganya mbele ya Bibi, kwamba barua ninayo. Nje walikuwa wanapakua, nasikia sahani.

"Iliandikwa?" aliuliza.

"Iliandikwa, Bi Tatu."

"Na Mwanaidi hakujua."

"Hakujua."

"Siku zote hizi. Kafa anajua kosa ni la mikono yake."

"Ndiyo."

Akautoa mkono wake ndani ya mkono wangu, polepole, akauweka gotini pamoja na mwenzake. Salma alichungulia mlangoni akasema kwa adabu yake kwamba chakula tayari. Bi Tatu alikuwa anavitazama vidole vyake vilivyompaka Mwanaidi hina, kimoja baada ya kingine.